Je, Waisraeli walizidisha miaka 30 Misri? Na kwa nini Mungu aliwasubiri Waamori?

#1 Mzani wa Kale
Wakuu, salaam.

Kuna fundisho linazunguka sana kwenye mikesha na semina za maombi. Linasema Mungu alimwambia Ibrahimu kwamba uzao wake utateswa miaka 400 (Mwanzo 15:13), lakini Kutoka 12:40 inataja miaka 430. Kwa hiyo saa ya Mungu ilifika ikapita, na miaka 30 ikaliwa bure kwa sababu hakukuwa na mwombaji. Halafu msikilizaji anaambiwa: angalia na wewe usije ukazidisha miaka yako Misri.

Mimi naona hesabu hiyo haisimami. Ila ukiivunja unakutana na jambo zito kuliko hilo. Mwanzo 15:16 inatoa sababu ya kusubiri: uovu wa Waamori, wenyeji wa nchi ya ahadi, ulikuwa haujatimia bado. Maana yake Mungu aliwavumilia Waamori kwa karne nne, na wakati huohuo watoto wa Ibrahimu wakafinyanga matofali. Nani aligharamia uvumilivu huo?

Njooni na mistari, sio na stika za daladala.

#2 Kinubi cha Jioni
Nimekaa kiti cha mbele. Mchungaji akiomba dakika 30 tu za kuhitimisha, huwa anamaanisha 430.

#3 Mlinzi wa Zamu
Mkuu Mzani, usilivunje haraka hivyo. Fuata hatua.

Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao (Kutoka 7:7). Alimpiga Mmisri alipotimiza kama miaka 40 (Matendo 7:23). Kama walitoka mwaka wa 430, basi Mmisri alipigwa mwaka wa 390, ikiwa imebaki miaka 10 kufika 400. Musa alitangulia kwa miaka 10, akakimbilia Midiani, akachunga kondoo miaka 40 (Matendo 7:30). 390 na 40 ni 430.

Na kuugua kwao kunatajwa wapi? Kutoka 2:23-25, mwishoni kabisa, baada ya mfalme wa Misri kufa. Ndipo Mungu akasikia, akakumbuka agano. Danieli alipoikuta miaka 70 kwenye kitabu cha Yeremia hakukaa kusubiri kalenda ijigeuze, alifunga na kuvaa magunia (Danieli 9:2-3).

#4 Mzani wa Kale
Mtumishi, tarakimu zako ziko sawa. Shida iko mahali ulipofunga kamba. Umechukulia kwamba 400 na 430 zilianza kuhesabiwa siku moja, kwa hiyo lazima ziishie siku tofauti. Hakuna mstari unaosema hivyo. Halafu Kutoka 12:41 inasema walitoka "siku ile ile" miaka 430 ilipokwisha. Mwandishi anasifia kutimia kwa wakati, na wewe unamsomea taarifa ya kuchelewa.

#5 Katekista wa Kigango
Amani kwenu. Kwa wanaotaka kuhesabu wenyewe, chukueni karatasi.

Ibrahimu alitoka Harani akiwa na miaka 75 (Mwanzo 12:4). Isaka alizaliwa baba yake akiwa na 100 (21:5). Hapo ni 25. Yakobo na Esau walizaliwa Isaka akiwa na 60 (25:26). Yakobo aliingia Misri akiwa na 130 (47:9). Jumla 25 + 60 + 130 = 215. Paulo katika Wagalatia 3:17 anahesabu 430 kutoka kwenye ahadi mpaka kwenye Torati. Ukitoa 215 ya Kanaani, Misri inabaki 215. Nusu kwa nusu.

Hii sio hesabu ya Paulo peke yake. Tafsiri ya kale ya Kiyunani, Septuaginta, inasomeka katika Kutoka 12:40 kwamba walikaa Misri na Kanaani. Torati ya Wasamaria nayo inaitaja Kanaani. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anaandika 430 tangu Ibrahimu aingie Kanaani na 215 tangu Yakobo aingie Misri.

Na ile 400? Inaanzia kwa Isaka, maana Mungu alisema "uzao wako". Ukitoa 25 kwenye 430 unabaki na 405. Isaka akiwa na miaka mitano hivi unapata 400 kamili, na hapo ndipo Ishmaeli alipomcheka kwenye karamu ya kuachishwa ziwa (Mwanzo 21:8-9). Paulo anakuita kule kucheka kuudhiwa (Wagalatia 4:29). Mateso ya uzao yalianzia nyumbani. Kwa hiyo 400 na 430 zinaishia usiku mmoja, na ile 30 inatafuna mwanzo wa hesabu.

#6 Fundi Rula
Katekista, mtoto wa miaka mitano bado ananyonya?

#7 Katekista wa Kigango
Kwenye 2 Wamakabayo 7:27 mama anasema alimnyonyesha mwanawe miaka mitatu. Kwa hiyo mitano ni mingi, sitabisha. Ndiyo maana marabi walipita njia nyingine. Kitabu chao cha hesabu, Seder Olam, kinaweka lile agano la vipande vya wanyama (Mwanzo 15) Ibrahimu akiwa na miaka 70. Kutoka hapo mpaka Isaka ni 30, na 400 inaanza siku Isaka anazaliwa. 60 + 130 = 190, Misri inabaki na 210. Hakuna haja ya ziwa.

#8 Fundi Rula
Ila sasa umeiweka sura ya 15 mbele ya sura ya 12, maana alitoka Harani na 75. Umeziba tundu la panya kwa kubomoa ukuta.

Nami natetea 430 nzima ndani ya Misri, kama maandishi ya Kiebrania yanavyosomeka. Sababu ya kwanza ni watu. Waliingia 70 (Mwanzo 46:27), wakatoka wanaume 603,550 wa miaka 20 na zaidi (Hesabu 1:46), bila Walawi. Kwa miaka 215 mji wa kujifungulia ungekuwa haulali.

Ya pili ni ukoo wa Yoshua katika 1 Mambo ya Nyakati 7. Kutoka Efraimu mpaka Yoshua kuna majina kama kumi. Bezaleli fundi wa hema ni wa saba ukianza na Yuda mwenyewe (1 Nyakati 2). Majina kumi ndani ya miaka 215 yanabana sana.

Ya tatu, 400 ni 430 iliyosemwa kwa mamia, kama mtu anavyosema "karne nne". Hakuna miaka 30 ya ziada wala ya kutafuta.

#9 Binti Sayuni
Mbona Stefano mwenyewe alisema 430 ya utumwa? Si tuachane na Septuaginta.

#10 Mzani wa Kale
Hapana dada. Stefano katika Matendo 7:6 anasema 400. Na "430 ya utumwa" haipo kwenye hesabu ya mtu yeyote hapa. Yusufu alisimama mbele ya Farao na miaka 30 (Mwanzo 41:46). Ongeza saba ya shibe na miwili ya njaa (45:6), alikuwa na 39 familia ilipoingia. Akafa na 110 (50:26). Hiyo ni miaka 71 ya kula vinono vya Gosheni. Ukishika 430 nzima ya Misri, utumwa haufiki hata 360. Ukishika 215, haufiki 145. Wahubiri wanaopaza "miaka 430 ya minyororo" wamewafunga watu ambao Farao mwenyewe alikuwa hajawafunga.

#11 Katekista wa Kigango
Fundi, ukoo unakata pande zote mbili. Kohathi mwana wa Lawi yumo kwenye orodha ya walioingia Misri (Mwanzo 46:11). Aliishi 133. Amramu aliishi 137. Musa alikuwa na 80 walipotoka (Kutoka 6:18, 20, 7:7). Hata ukisema kila mmoja alizaa mwaka wa kufa kwake, na Kohathi aliingia akiwa mchanga, 133 + 137 + 80 ni 350. Huwezi kufika 430 hata kwa kusukuma. Zaidi, Yokebedi mama yake Musa anaitwa binti Lawi aliyezaliwa Misri (Hesabu 26:59).

#12 Fundi Rula
Ukoo wa Musa umerukwa majina, ndiyo desturi ya orodha zile. Ushahidi ni Hesabu 3:27-28: wanaume wa jamaa nne za Kohathi, za Amramu, Ishari, Hebroni na Uzieli, ni 8,600 kuanzia umri wa mwezi mmoja. Kama Amramu huyu ni baba mzazi wa Musa, basi Kohathi alikuwa na wajukuu na vitukuu wa kiume 8,600 mjukuu wake Musa akiwa hai. Robo tu ya hao ni zaidi ya 2,000 kwa Amramu, ambaye wana wake wanaotajwa ni wawili, Haruni na Musa. Haiwezekani. Kati ya Amramu na Musa kuna watu hawakuandikwa.

#13 Kinubi cha Jioni
Haruni na Musa walikuwa na ndugu 2,000 na bado Musa alisema hana wa kumsemea 😂

#14 Mlinzi wa Zamu
Sawa, tuseme 30 haipo. Mnataka kutoa kabisa nafasi ya mwanadamu kuchelewesha? Kumbukumbu la Torati 1:2: kutoka Horebu mpaka Kadesh-barnea ni safari ya siku 11. Kumbukumbu 2:14: kutoka Kadesh-barnea mpaka kuvuka kijito cha Zeredi ilichukua miaka 38. Hapo Biblia yenyewe inatamka sababu, Hesabu 14:34, mwaka kwa kila siku ya upelelezi. Na kinyume chake, Ninawi walipewa siku 40 wakatubu, hukumu ikasogezwa. Hezekia aliongezewa 15 (2 Wafalme 20:6). Kanuni ameiweka Yeremia 18:7-10.

#15 Mzani wa Kale
Hapo tuko pamoja, na ndipo mahali pa kuhubiri kuchelewa. Mtu akitaka somo la "usizidishe jangwani" achukue Hesabu 14, sababu imeandikwa na idadi imeandikwa. Aiache Kutoka 12, ambayo haina neno hata moja la lawama. Wanaoumia na somo la 30 ni mama aliyekaa miaka bila mtoto na kijana asiye na kazi. Wanaambiwa ni wao waliozembea kuomba. Ibrahimu mwenyewe alingoja 25 tangu Harani, na ucheleweshaji huo hauhesabiwi kama kosa lake popote, hata baada ya habari ya Hajiri.

Turudi kwa Waamori basi.

#16 Mkulima wa Nyanda za Juu
Kuhusu Waamori, watu wengi huwa hawatazami sura ya nyuma yake. Mwanzo 14:13, Ibrahimu alikuwa akikaa kwenye mialoni ya Mamre Mwamori, na Mamre, Eshkoli na Aneri walikuwa na mapatano naye. Walikwenda naye vitani kumkomboa Lutu, wakagawiwa fungu lao (14:24). Sura inayofuata ndipo Mungu anasema uovu wao haujatimia. Kwa hiyo hao sio wakatili wa kwenye picha za Shule ya Jumapili, ni majirani waliomsaidia. Kuwafukuza siku hiyo kungekuwa dhuluma. Uvumilivu wa Mungu pale ni haki ya kawaida: huhukumu kosa ambalo halijakamilika.

#17 Binti Sayuni
Lakini kwa gharama ya Waisraeli, ndivyo alivyouliza mwenye uzi.

#18 Mkulima wa Nyanda za Juu
Nakuja huko. Kutoka 23:29-30, Mungu anasema hatawafukuza wenyeji kwa mwaka mmoja, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa mwituni wakazidi. Atawafukuza kidogo kidogo mpaka Israeli waongezeke. Hiyo ni sababu ya mtu anayejua shamba. Watu 70 hawawezi kushika nchi kutoka Dani mpaka Beer-sheba. Ukiwapa leo, kesho ni pori na simba. Gosheni ilikuwa mahali pa kuongezekea. Kwa hiyo hata kama Waamori wangekuwa wabaya kupindukia siku ya Mwanzo 15, Israeli wenyewe hawakuwepo wa kupewa.

#19 Fundi Rula
Hiyo inaeleza kukaa Misri, haielezi mijeledi. Gosheni wangeweza kuongezeka wakiwa huru, kama enzi ya Yusufu.

#20 Mchambuzi Mkavu
Ezekieli 20:7-8 mbona hamuitaji? Mungu anasema aliwaambia watupe vinyago vya Misri wakiwa bado Misri, wakakataa, akasema atamwaga ghadhabu yake juu yao katikati ya nchi ya Misri. Yoshua 24:14 inathibitisha kwamba waliabudu miungu kule. Kwa hiyo msichore picha ya Waisraeli wasio na doa wanaolipia dhambi za Waamori. Pande zote mbili zilikuwa zinavumiliwa.

#21 Katekista wa Kigango
Ila taarifa ya mateso inatolewa kwa Ibrahimu kabla hajazaliwa hata mmoja wa hao waabudu vinyago. Ezekieli anaeleza hasira ya baadaye, sio sababu ya agizo la Mwanzo 15. Na Kutoka sura ya 1 inaweka sababu mikononi mwa Farao: aliogopa wingi wao. Tusimwondolee Farao dhambi yake kwa kutafuta ya watumwa wake.

#22 Mzani wa Kale
Kuna kipimo kingine cha Waamori. 2 Wafalme 21:11 inasema Manase mfalme wa Yuda alitenda mabaya kuliko Waamori. Alitawala miaka 55 (21:1). Na baada yake Yuda haikuondolewa siku hiyohiyo. Yosia alipewa 31 (22:1). Walawi 18:28 ilikuwa imeshatoa onyo kwamba nchi itawatapika Israeli kama ilivyowatapika mataifa ya kabla yao. Kwa hiyo rula ni moja. Anayedhani Waamori walipendelewa kwa karne nne ahesabu pia karne za Waamuzi na wafalme mpaka Nebukadreza anafika. Kumbukumbu 9:5 inawakatalia kabisa Israeli wasiseme ni kwa haki yao.

#23 Mlinzi wa Zamu
Na mlango wa toba ulikuwa wazi mpaka dakika ya mwisho. Rahabu wa Yeriko aliingia (Yoshua 2 na 6). Wagibeoni waliingia kwa ujanja wa mikate yenye ukungu, na 2 Samweli 21:2 inawaita masalio ya Waamori! Sihoni mfalme wa Waamori wa Heshboni aliletewa wajumbe na maneno ya amani kwanza, wapite njia kuu na walipe chakula na maji (Kumbukumbu 2:26-29). Alikataa akatoka vitani. Hiyo ndiyo 2 Petro 3:9 kabla ya Petro: hapendi mtu apotee.

#24 Fundi Rula
Mlinzi, ukisoma mstari wa 30 palepale, Mungu aliifanya ngumu roho ya Sihoni. Usiuruke.

#25 Mlinzi wa Zamu
Siuruki. Farao naye ndivyo ilivyoandikwa. Mtu anavumiliwa mpaka anakabidhiwa kwa ugumu wake mwenyewe. Warumi 9:22 inazungumza juu ya kuvumilia kwa uvumilivu mwingi vyombo vya ghadhabu.

#26 Fundi Rula
Hiyo ni Warumi, na hapo tutagawana madhehebu kabla ya chakula cha jioni.

#27 Binti Sayuni
Mimi bado sijajibiwa. Aliyezaliwa Gosheni mwaka wa kati, baada ya Yusufu na kabla ya Musa, akafa akibeba udongo. Hakuona ahadi, hakuona Waamori wakihukumiwa. Kwake huo uvumilivu ulikuwa nini?

#28 Mchambuzi Mkavu
Waebrania 11:13: hao wote wakafa katika imani wasijazipokea ahadi. Mwandishi hafichi. Wala hatoi sababu ya kila mmoja. Mstari wa 40 unasema wasikamilishwe pasipo sisi, yaani hesabu yao haikufungwa walipokufa.

#29 Binti Sayuni
Asante. Ila "pasipo sisi" inamwongezea muda wa kungoja, haimpunguzii.

#30 Katekista wa Kigango
Ni kweli. Na roho zilizo chini ya madhabahu zinauliza hilohilo, "hata lini?" (Ufunuo 6:10). Zinajibiwa zipumzike bado kidogo mpaka idadi ya wenzao itimie. Angalia: Mwanzo 15 ni uovu unaongojwa utimie, Ufunuo 6 ni wafia imani wanaongojwa watimie. Vipimo viwili, na hakuna kilichopewa tarakimu.

#31 Msomaji wa Kimya
Msije mkaanza sasa kuipigia hesabu hiyo idadi. William Miller, mhubiri wa Marekani, alizichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, akazifanya miaka, akaanzia 457 kabla ya Kristo, na wafuasi wake wakakesha mpaka Oktoba 22, 1844 wakimngoja Kristo arudi.

#32 Mwana wa Sabato
Tumekuona kaka. Siku hiyo ilitajwa na Samuel Snow, Miller aliikubali mwishoni. Na kosa halikuwa kwenye 2,300, lilikuwa kwenye tukio walilolitarajia. Ila huo ni uzi mwingine na mnaujua ulivyo mrefu.

#33 Kinubi cha Jioni
Naona saa ya Mungu imefika kwa huu uzi kuhamia 1844.

#34 Mhesabu wa Waamuzi
Kabla hamjahama, Mzani, ukimaliza 430 utakwama mbele. 1 Wafalme 6:1 inaweka 480 kutoka Misri mpaka mwaka wa nne wa Sulemani. Lakini ukijumlisha miaka yote iliyotajwa ndani ya Waamuzi, ya kuonewa na ya kustarehe, kuanzia minane ya Kushan-rishathaimu mpaka 20 ya Samsoni, unapata 410. Ongeza 40 ya jangwani, 40 ya Eli (1 Samweli 4:18) na 40 ya Daudi, tayari ni 530, na bado Yoshua, Samweli na Sauli hawajaingia. Septuaginta inapunguza badala ya kusaidia, inasema 440.

#35 Fundi Rula
Waamuzi wengine walitawala wakati mmoja, kila mmoja na upande wake. Waamuzi 10:7 inataja Wafilisti na Waamoni pamoja. Yeftha alikuwa Gileadi, Samsoni huku upande wa Filisti.

#36 Mhesabu wa Waamuzi
Na Yeftha huyohuyo anasema Israeli wamekaa Heshboni miaka 300 (Waamuzi 11:26). Ipange hiyo kwanza.

#37 Katekista wa Kigango
Na Matendo 13:19-20 ina 450, ambayo nakala nyingine zinaiweka kabla ya waamuzi na nyingine kwao wenyewe. Fungua uzi wake, tutakuja na karatasi mpya.